Nilivyoacha kuhesabu kilomita na kuanza kuhesabu saa za oili

Taa ya oili iliniwakia Kimara, jioni, foleni ya kuelekea Mbezi ikiwa imeganda. Nikikanyaga breki inawaka, nikiachia inazima. Nilisogea pembeni, nikazima injini, nikafungua boneti. Kijiti cha oili kilitoka kikavu. Nikakifuta kwa kitambaa, nikakirudisha hadi mwisho, nikakichomoa tena: kitone kimoja kwenye ncha kabisa, chini ya ile alama ya chini.

Kijana wa bodaboda alinikimbilia lita moja kituo cha mafuta cha jirani, nikamimina, nikasubiri, nikaendesha taratibu mpaka nyumbani Kibamba. Usiku ule sikulala vizuri. Gari hilo, Toyota IST ya 2004 yenye injini ya 1NZ, ndilo linalonibebea mzigo wa duka langu la nguo Kariakoo. Injini ikifa, na biashara inayumba.

Kilichonichanganya ni kwamba sikuwa nimepitiliza kilomita za kubadilisha oili. Nilikuwa nimeweka oili ya sintetiki, dumu la lita 4 kwa shilingi 120,000, na muuzaji aliniambia, "Dada, hii unatembea 10,000 bila wasiwasi." Taa ilipowaka nilikuwa kwenye kilomita 8,600. Nilichokosea ni kuishika ile 10,000 kichwani na kutofungua boneti tena.

Kesho yake nikampelekea fundi wangu. Ni mtu mzima, gereji yake iko chini ya mwarobaini pale Mbezi, na ukimwamkia shikamoo anaitika marahaba huku mkono tayari uko kwenye spana. Alifungua nati ya sampu, kile chombo cha oili chini ya injini, akakinga beseni, kisha akamimina oili ile kwenye jagi lenye vipimo ili nione mwenyewe. Injini hii inabeba lita 3.7 ukibadilisha na filta. Pamoja na ile lita niliyoongeza Kimara, jagi halikufika lita 3. Maana yake jana yake, kabla sijaongeza, ndani hamkuwa na lita 2 kamili. Tulichungulia chini ya gari zima, hakuna tone. Ilikuwa imeungua, ikipitia kwenye ringi za pistoni zilizochoka, zile pete zinazoziba kati ya pistoni na silinda.

"Mwanangu," akaniambia, "hizi oili za bei kubwa zinawadanganya. Weka ya kawaida, nzito, mwaga kila 3,000. Hutakuja kulia."

Namheshimu sana mzee huyu, na kuhusu kukagua alikuwa na haki kabisa. Ila nilikuwa nimetoka kuumizwa na namba ya kuambiwa, na sikutaka kuibadilisha kwa namba nyingine ya kuambiwa. Nikamwomba aniwekee sintetiki mpya ya aina ileile, nikamuahidi nitakagua kila Jumamosi. Nikaanza kutafuta namba inayolifaa gari langu na barabara yangu.

Kwanza ilibidi nitenganishe mambo mawili niliyokuwa nayachanganya: wingi wa oili na uzima wake. Oili inaweza kuwa nzima lakini imepungua, na inaweza kuwa imejaa hadi alama ya juu lakini imeshachoka. Wingi unaujua kwa kijiti tu. Gari langu lilikuwa limekula karibu lita 2 kwa kilomita 8,600, sawa na robo lita hivi kila kilomita 1,000. Hilo dawa yake ni kuongeza. Sasa kwenye buti nina chupa ya oili ya aina ileile, na Jumamosi asubuhi, injini ikiwa ya baridi na gari limesimama sehemu tambarare, napima na kuongeza. Hapo nimemaliza.

Uzima ndio ulionipa kazi.

Kwenye fremu ya mlango wa dereva kulikuwa na stika ndogo ya Kijapani ambayo sikuwahi kuijali. Nikaipiga picha, simu ikanitafsiria: ilikuwa ya kubadilisha oili. Mwaka ulioandikwa ni 28, nikadhani simu imekosea, kumbe Wajapani walikuwa wanahesabu miaka ya enzi ya Heisei, na 28 ni 2016. Kilomita za siku ile zilikuwa 62,140, na za kumwaga tena 67,140. Tofauti ni 5,000. Yaani kule lilikotoka, gereji ilimwambia mwenye gari aje kwenye nusu tu ya ile safari niliyokuwa nimejipangia mimi.

Lakini kilichonifumbua macho zaidi ni jenereta ya dukani. Umeme ulikatika mchana mmoja, nikaiwasha, na nikiwa nimekaa karibu nayo nikachukua kijitabu chake. Kimeandikwa oili ibadilishwe kila saa 100 au miezi 6. Saa! Nikaitazama ile mashine. Haina magurudumu, haiendi popote, na oili yake inachoka vilevile. Gari langu nalo, pale Ubungo au Kimara likiwa limesimama dakika 20 na kiyoyozi kinazunguka, lina tofauti gani na jenereta?

Nikanunua daftari. Kwa wiki mbili niliandika muda wa kuwasha na wa kuzima. Kutoka Kibamba hadi Kariakoo ni kilomita 25 hivi. Asubuhi natumia saa 1 na dakika 20, jioni saa 1 na dakika 40. Kwa siku ni saa 3 za injini kwa kilomita 50. Mwendo wangu wa wastani, kwa hiyo, ni chini ya kilomita 17 kwa saa. Zile kilomita 8,600 zilikuwa ni zaidi ya saa 500 za injini kunguruma.

Halafu nikaangalia safari ya Moshi, ambako nakwenda kwa wazazi. Kilomita 550 kwa saa 9, pamoja na vibao vyote vya 50 njiani. Kwenda na kurudi ni kilomita 1,100 na saa 18. Kilomita hizohizo nikizitembea kati ya Kibamba na Kariakoo ni saa 66. Dashibodi inaziandika sawasawa, ila oili imefanya kazi mara tatu na zaidi.

Na kazi yenyewe ndiyo hii: kila injini inaponguruma, moshi wa mwako hupenya kidogo kwenye ringi na kushuka kwenye oili, ukibeba masizi, mvuke, petroli na asidi. Oili huwa na viungo vilivyochanganywa humo vya kushika masizi yasigande na vya kuua asidi, na viungo hivyo hupungua kadiri vinavyotumika. Sintetiki inastahimili joto kuliko ya kawaida, na kwenye foleni ya Dar nalipenda hilo. Lakini uchafu unaoingia ni uleule. Ringi zikishachoka kama zangu, unaingia mwingi zaidi.

Kwa hiyo nilitaka kuona viungo vile vinaisha lini. Mashati mapya ninayouza huja na kadi nyeupe ndani, ile ya karatasi kavu isiyong'aa, inayonyonya. Kila baada ya kilomita 1,000 nilichomoa kijiti injini ikiwa ya moto, nikadondosha tone moja kwenye kadi, nikaandika pembeni kilomita na saa, nikaiacha juu ya kabati mpaka asubuhi. Usihukumu oili kwa weusi. Hata oili nzuri huwa nyeusi ikishatumika, kwa sababu inabeba masizi. Tazama inavyotambaa. Tone la kilomita 1,000 lilikuwa kahawia, limesambaa laini mpaka pembeni. La 3,000 jeusi, lakini bado limesambaa bila mpaka. La 5,000, saa 300, lilikuwa jeusi zaidi katikati, ila ukingo wake ulififia polepole kama wino kwenye kitambaa kilicholowa. La 6,000, saa 360, likabadilika: kitovu cheusi tii, kizito, na mduara wenye ukingo mkali kama uliochorwa kwa kalamu, na nje yake njano tupu. Masizi yalikuwa yameacha kusafiri na oili. Nilimwaga siku ileile.

Nikajipangia saa 300. Kwa maisha yangu ni siku 100 za kwenda dukani, au kilomita 5,000, na miezi 6 isipite hata kama gari limekaa tu.

Rafiki zangu wameniuliza, kama ni 5,000 basi sintetiki ya nini? Nimepiga hesabu. Ya kawaida nilikuwa nalipa 55,000, filta 10,000 na ufundi 10,000, kwa kilomita 3,000: shilingi 25,000 kwa kila kilomita 1,000. Sintetiki ni 140,000 pamoja na filta na ufundi, kwa 5,000: shilingi 28,000. Kwa kilomita zangu 15,000 za mwaka, tofauti ni 45,000. Hiyo naitoa kwa moyo mweupe kwa ajili ya injini inayokaa kwenye joto lile saa 3 kila siku. Anayetembea zaidi barabara kuu kuliko mimi atapata kilomita nyingi kuliko zangu kutoka kwenye saa zilezile 300. Anayewasha gari kwenda sokoni dakika 5 na kurudi atapata chache, maana injini haipati moto wa kutosha kukausha mvuke na petroli, na yeye angejipa hata saa chache kuliko zangu.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila anayeniuliza: hesabu zote hizi hazina maana kama dumu lenyewe ni feki. Nanunua kwa wakala, nakagua kifuniko kabla ya kulipa, na likiisha nalitoboa kwa bisibisi pale pale gerejini lisije likajazwa tena. Fundi alishangaa mara ya kwanza. Siku hizi ananikabidhi bisibisi kabla sijaomba.

Mwezi uliopita alizitazama kadi zangu sita moja moja, akazigeuza kwenye mwanga, akaishika ile ya 6,000 muda mrefu. Hakusema kitu kuhusu oili za bei. Alipomaliza kazi aliandika kwenye karatasi ya gundi, chini ya boneti, kilomita na tarehe kama kawaida yake, kisha akauliza, "Na saa, mwanangu, niandike ngapi?"

Tukaandika sifuri. Leo daftari linasema 78, na Ijumaa naelekea Moshi. Nikirudi zitakuwa 96.