Madereva Waliobaki Nje ya Darasa

Juma lililopita nilimaliza mafunzo ya siku tatu ya usalama, katika uwanja ulio nje kidogo ya Nairobi, kabla ya kurudi kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab, ambako ninasimamia mpango wa lishe ya watoto. Tulikuwa watu kumi na wanne, sote wa ofisini au wa kitengo cha afya. Madereva watatu waliotuleta walikaa kwenye magari yao kila siku hadi jioni, na jambo hilo halijanitoka moyoni.

Sehemu iliyonielemea zaidi ilikuwa kuzuia damu. Mkufunzi wetu, muuguzi aliyefanya kazi Sudan Kusini kwa miaka mingi, alitufundisha kufunga mkanda juu ya jeraha, upande wa mwilini, bila kuuweka kwenye goti wala kiwiko, kuukaza mpaka damu ikome hata kama majeruhi analia kwa maumivu, kisha kuandika saa ulipofungwa. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu anaweza kufa kwa dakika chache. Ndiyo maana tulirudia zoezi hilo gizani, tena kwa mkono mmoja, kwa kuwa huenda majeruhi akawa ni wewe mwenyewe. Mara ya kwanza niliulegeza kwa kumwonea huruma mwenzangu. Mkufunzi akaniambia kwa upole, "Kaza, dada. Akilia, bado yu hai."

Somo la vizuizi vya barabarani lilikuwa fupi: punguza mwendo mapema, shusha kioo, vua miwani ya jua, mikono ionekane, usiku washa taa ya ndani, simu usiiguse. Nilipokuwa nikiyaandika hayo niliwatazama madereva kupitia dirishani. Anayeshusha kioo na kumsemesha kwanza mwenye bunduki ni wao, si mimi niliyekaa nyuma na daftari.

Tarehe 29 Juni 2012, msafara wa shirika moja la misaada kutoka Norway ulishambuliwa huko huko Dadaab. Dereva mmoja aliuawa, na wafanyakazi wanne wakatekwa na kuvushwa hadi Somalia, wakaokolewa siku chache baadaye. Mmoja wa mateka hao alimshtaki mwajiri wake, na Novemba 2015 mahakama ya Oslo iliamua kwamba shirika hilo lilikuwa limezembea kupita kiasi. Ningependa kila meneja wa mashirika ya misaada anayekaa ofisini Nairobi, kule Gigiri na Westlands, aisome hukumu hiyo, kisha ajiulize nani kati ya watu wake hajafundishwa lolote. Wafanyakazi wa misaada wanaouawa kila mwaka duniani wengi wao ni wenyeji wa nchi zenye vita, si wageni.

Siku ya mwisho, tukirudi mjini, mzee aliyeniendesha aliniuliza tulifundishwa nini. Ameipita barabara ya Garissa kwenda Dadaab kwa miaka tisa. Tuliegesha kwenye kituo cha mafuta, nikamwonyesha mkanda, naye akajifunga pajani, akaukaza mpaka akasema mguu umekufa ganzi. Kisha akaomba arudie kwa mkono wa kushoto.

Jumatatu niliiandikia ofisi yetu kuomba nafasi tatu za madereva katika mafunzo yajayo. Nimeeleza kwamba, nafasi zisipotosha, yangu apewe yeye.