Siku moja maishani mwangu: napokea simu za ofisi nne, Kisumu

Watu hudhani kazi yangu ni kukaa na kusema haloo. Nambari za ofisi nne za mjini zinaingia kwenye huduma moja ya mtandaoni, nami nazipokea Kondele kwa kompyuta na hedifoni.

Saa moja na nusu asubuhi. Naangalia kama kila laini imejisajili kwenye seva, kisha naipigia kwa simu ya mkononi, maana alama ya kijani pekee haitoshi. Sauti ikisikika upande mmoja tu, mshukiwa wa kwanza ni ruta: ina kipengele cha SIP ALG kinachochezea anwani zilizo ndani ya pakiti (vifurushi vya data ya simu), sauti ikapotea njia. Kizime, washa ruta upya.

Saa mbili, jumbe za usiku. Wengi wakisikia mashine hukata, kwa sababu salio linaliwa. Kwa hiyo salamu haizidi sekunde kumi: jina la ofisi, saa za kufungua, "taja jina na shida yako." Nambari siombi, mfumo unaionyesha. Unukuzi wa kompyuta nimeuzima. Mtu akichanganya Kiswahili na Dholuo unatoa vichekesho. Nasikiliza mwenyewe na kuandika saa, jina, shida, na nani atampigia.

Saa tatu hadi sita: miadi ya meno, bei ya mabati, bei ya mabati tena.

Saa sita na robo akaingia kwenye laini mzee wa Ahero aliyenunua pampu ya maji. "Madam, tangu asubuhi napiga, hamshiki, na pesa mnakula!" Kumbukumbu za mfumo zilisema simu zake zote zilipokelewa, kila moja sekunde arobaini hivi. Zilipokelewa na nani? Alibonyeza 2 kutafuta fundi, mfumo ukaipeleka simu kwa mkononi wa fundi, na mkononi ulikuwa umezimwa. Kisanduku cha sauti cha laini yake kikaitika. Kwa mfumo, kuitika ni kuitika, awe mtu au mashine; haurudishi simu kwangu, na anayepiga anakatwa pesa.

Dawa ipo: anayepelekewa simu alazimike kubonyeza 1 kukubali, la sivyo irudi mezani. Meneja wa ofisi hiyo ndiye aliyeagiza kipengele hicho kizimwe, eti kinamsumbua fundi. Nimekiwasha. Fundi naye apige ##002# kwenye simu yake ili afute uelekezaji wote, pamoja na ule wa kisanduku. Kumweleza mzee haya? Nilijaribu. "Pole sana, mzee, simu ilikuwa inaenda..." Hakutaka kujua inakoenda, alitaka pampu ivute maji. Akaanza upya tangu siku ya kununua, akakata, akapiga tena, akaanza upya. Hapo hedifoni imeshaanza kuuma masikio.

Alasiri mvua ikaja na radi zake, stima ikapotea. Ruta iko kwenye betri, lakini faiba nayo ikakatika, nikahamia modemu. Kuhama kunabadilisha anwani ya intaneti, na simu inayoendelea hukatika, mwambie mteja kabla, "nitakupigia sasa hivi." Sauti ikikatakata badili kodeki (njia ya kubana sauti ipite mtandaoni): G.711 inataka karibu kilobiti 90 kwa sekunde kila upande, G.729 karibu 30. Sauti inakuwa nyembamba kidogo, lakini maneno yanafika.

Kufunga, ratiba ya usiku inajiwasha yenyewe saa kumi na moja jioni, mradi saa za mfumo ziwe za Nairobi. Zikiachwa UTC (saa za kimataifa, nyuma ya zetu kwa saa tatu), ofisi "inafunguliwa" saa tano asubuhi na kufungwa saa mbili usiku, na wateja wa asubuhi wote wanaambiwa tumelala. Napakua pia rekodi na kufuta zilizoisha kazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hairuhusu kuzirundika bila sababu.

Fundi wa pampu alipiga kutoka Bondo saa kumi na moja na dakika tano. Alikuta salamu ya usiku. Aache jina na shida yake.