Bloku ya fyuzi ya ziada na rilei kwenye pikapu: kumbukumbu ya mradi wangu

Hali ya mradi kwa sasa: bloku imefungwa chini ya boneti, laini kuu imepita, rilei tatu (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo ili zipitishe umeme mkubwa) zinafanya kazi, taa za mbele na za nyuma zinawaka, na friji inapata umeme wa kudumu. Imebaki laini ya kompresa. Naandika vipimo pamoja na sababu zake, ili mwenye gari lolote la volti 12 aweze kubadilisha tarakimu kulingana na vifaa vyake.

Kinachonisukuma ni ule msongamano wa kwenye kichwa cha betri. Kila kifaa kipya hufungwa hapo hapo, mpaka bolti moja inabeba lagi (vichwa vya chuma vya mwisho wa waya) tano zilizopandana, na kila waya una fyuzi yake inayoning'inia mahali pasipojulikana. Taa ikizimika usiku, hujui uanzie wapi kutafuta. Bloku hutumia waya mmoja mnene kutoka betri, kisha kila kifaa kinapata fyuzi yake mahali pamoja, chini ya kifuniko.

Hesabu kabla ya kununua chochote

Gawanya wati kwa 12, upate ampia. Taa ndefu ya LED ya mbele ina wati 180, yaani ampia 15. Taa mbili za kazi za nyuma, wati 36 kila moja, ni ampia 6. Friji inakula takriban 5 motor yake ikizunguka, redio ya mawasiliano 5 wakati wa kurusha, na soketi za kuchajia simu 3. Jumla ni ampia 34.

Fyuzi inalinda waya, hailindi kifaa. Kwa hiyo unachagua waya kwanza, halafu fyuzi ambayo itakatika kabla waya haujachemka. Mzigo unaowaka muda mrefu usizidi asilimia 80 ya fyuzi. Ndiyo maana taa ya ampia 15 ina fyuzi ya 20, ile ya manjano, na waya wa milimita 4 za mraba. Fyuzi ya manjano ikikatika, mtu akachomeka ya kijani ya 30 kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo mfukoni, basi waya wenyewe umegeuzwa kuwa fyuzi. Tafuteni shoti kwanza.

Urefu nao una neno lake. Waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba una ukinzani wa karibu omu 0.0175 kwa kila mita. Gawanya kwa unene wa waya wako, zidisha kwa mita za kwenda na kurudi, kisha kwa ampia. Taa za nyuma ziko mita 6 kutoka kwenye bloku. Kwa waya wa 2.5, kwenda na kurudi, zinapoteza nusu volti. Kwa taa za LED hilo halina shida, hivyo nimeziachia 2.5 na fyuzi ya 10. Friji ni jambo jingine: ina kinga inayoizima betri ikishuka, na kinga hiyo inasoma volti inayoifikia friji, si ile iliyopo kwenye betri. Waya mwembamba unaifanya iamini betri imekwisha wakati bado ina nguvu. Friji imepewa waya wa milimita 6 na fyuzi ya 15. Kwa mita 5 inapoteza chini ya volti 0.2.

Mahali pa kufunga

Bamba la alumini la milimita 3 limefungwa kwenye bolti zilizokuwepo pembeni mwa chemba ya injini, upande usio na bomba la moshi. Usiweke bloku juu ya betri. Mvuke wa asidi hula shaba taratibu mpaka unaona unga wa kijani. Rilei zimeelekezwa miguu chini, na kila waya unashuka kidogo kabla ya kupanda kuingia. Maji yakifuata waya yanadondokea kwenye kipinda hicho badala ya kuingia kwenye soketi. Rilei iliyofungwa miguu juu ni kikombe cha maji.

Laini kuu

Kabla ya kugusa chochote, ondoa hasi ya betri kwanza, na uirudishe mwisho. Hasi ikiwa bado imefungwa, spana inayofungua chanya ikigusa bodi ya gari, ambayo imeungwa na hasi, inapiga shoti ya betri nzima mkononi mwako.

Waya ni wa milimita 16 za mraba, urefu mita 1.5, na fyuzi kuu ni ya bolti, ampia 60. Imekaa sentimita 15 kutoka kwenye betri. Kipande kilicho kati ya betri na fyuzi hiyo hakina ulinzi wowote, kwa hiyo kila sentimita unayoipunguza ni faida. Waya wote umevalishwa bomba la plastiki lenye mikunjo na kushikwa kila sentimita 20, mbali na feni na mikanda.

Lagi zimebanwa kwa koleo lenye meno ya pembe sita. Ukipiga lagi kwa nyundo na patasi, upande mmoja unabanwa sana na mwingine unaacha nafasi, na unyevu unaingia kwenye nafasi hiyo. Sijatumia risasi ya kuchomelea mahali popote penye mtikisiko: risasi hupanda ndani ya nyuzi, inazifanya ngumu, na waya hukatika pale ugumu unapoishia. Menya waya bila kukata hata uzi mmoja, sukuma mpaka shaba ionekane mwisho wa lagi, bana, kisha vuta kwa nguvu za mkono wote. Ikitoka, haikuwa imebanwa. Malizia kwa mpira unaonywea kwa joto wenye gundi ndani. Gundi ikichungulia pande zote mbili, umeziba vizuri.

Mpangilio wa kwenye bolti ya bloku nao ni wa kuangalia kwa makini. Lagi ikae moja kwa moja juu ya shaba ya bloku, halafu washa (kile kipete cha chuma cha chini ya nati), halafu nati. Washa ya chuma ikitangulia chini ya lagi, umeme wote unalazimika kupita kwenye chuma, na hapo panachemka hata kama nati imekazwa sawasawa.

Rilei

Ni za ampia 40 zenye miguu minne. Namba zimeandikwa chini: 30 inapokea umeme kutoka fyuzi, 87 inapeleka kwenye kifaa, 86 na 85 ni koili, yaani sumaku ya umeme inayofunga rilei. Fyuzi inatangulia rilei, ili waya unaoingia 30 nao uwe umelindwa.

Rilei za miguu mitano zinauzwa kila mahali na watu huzitumia bila kufikiria mguu wa 87a. Rilei ikiwa imelala, 30 inagusana na 87a, hivyo mguu huo una umeme wa betri muda wote taa ikiwa imezimwa. Ukiuacha wazi ukagusa bodi, fyuzi inakatika na unashindwa kuelewa kwa nini inakatika taa zikiwa zimezimwa. Tumia ya miguu minne, au zibe 87a.

Koili inakula takriban ampia 0.15 tu. Kwa hiyo nyaya za kwenda kwenye swichi za dashibodi ni za milimita 1, na swichi zote tatu zinalishwa na fyuzi moja ya ampia 3 iliyochukuliwa kwenye laini inayowaka funguo ikizungushwa. Koili inapokatwa hurusha mshtuko wa volti nyingi kuelekea kwenye swichi na kompyuta ya gari. Chagua rilei yenye rezista ndani. Zipo zenye dayodi, ambazo huzima mshtuko vizuri zaidi, lakini hizo lazima chanya iende 86 na hasi 85. Ukizigeuza, dayodi inakuwa shoti.

Taa ya mbele inawaka pamoja na fulu (taa kubwa za mbali za gari) peke yake, na swichi ya dashibodi inaiwezesha au kuizima kabisa. Hapa pima kabla ya kuunga. Kuna magari ambayo swichi ya taa inakata upande wa hasi: chanya iko kwenye soketi ya taa, na fulu inawaka kwa kupewa bodi. Ukiunga 86 kwenye waya wa fulu na 85 kwenye bodi katika gari la namna hiyo, rilei itafanya kazi kinyume au isifanye kabisa. Dawa ni kuunga koili sambamba na taa yenyewe, mguu mmoja kwenye chanya ya soketi na mwingine kwenye waya wa fulu. Njia hiyo inafaa kwa aina zote mbili. Rilei ikilia kama mdudu badala ya kugonga mara moja, volti ya koili ni ndogo, hasi ni mbovu, au gari linalisha taa kwa mapigo ya haraka.

Hasi

Kwa maoni yangu hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, kwa sababu kila mtu anahesabu waya wa chanya na kusahau wa kurudi. Reli ya hasi ya bloku ina waya wake wa milimita 16. Gari hili lina kihisi kwenye hasi ya betri, kwa hiyo waya umefungwa kwenye bodi pale hasi ya betri inapofikia. Ukifunga moja kwa moja kwenye nguzo ya betri, umeme wa vifaa vyako hauonwi na kihisi, na kompyuta inakosea hesabu ya chaji.

Rangi imekwanguliwa mpaka chuma kikang'aa, ikawekwa washa yenye meno, ikakazwa, kisha rangi ikapakwa juu. Hasi ikiwa mbovu, umeme hutafuta njia nyingine, mara nyingi kupitia ganda la waya wa antena ya redio, nao haukutengenezwa kwa kazi hiyo.

Vipimo

Mara ya kwanza, fyuzi kuu haikuwekwa. Mahali pake iliungwa balbu ya wati 21. Fyuzi zote za bloku zikiwa nje, balbu ikiwaka ujue laini kuu inagusa bodi, na hakuna kinachoungua. Ikabaki gizani, ndipo fyuzi kuu ikaingia, kisha za vifaa moja moja.

Vifaa vyote vikiwa vinafanya kazi na injini inazunguka, multimita kati ya chanya ya betri na bolti ya bloku ilionyesha volti 0.08, kati ya hasi ya betri na reli ya hasi, 0.06. Baada ya dakika 20 gusa kila fyuzi kwa kidole. Vuguvugu ni sawa. Ya moto kupita nyingine ina mguso uliolegea: omu 0.02 tu kwenye ampia 15 ni wati 4.5 za joto mahali padogo, na plastiki ya bloku huyeyuka bila fyuzi kukatika. Mwisho pima umeme unaovuja gari likiwa limefungwa. Subiri zaidi ya nusu saa kompyuta zilale, friji ikiwa imechomolewa. Chini ya miliampia 50 panaridhisha.

Kilichobaki

Kompresa inakula ampia 30, na bloku hii inaruhusu 30 kwa kila tundu, kwa hiyo haitapita humo. Itapata laini yake kutoka betri: waya wa milimita 10, fyuzi ya 40, rilei ya ampia 70 kwa sababu motor inavuta zaidi inapoanza. Swichi ya shinikizo itawekwa kwenye waya wa koili, ili ikate ampia 0.15 badala ya 30. Nati zote za laini kuu zitarudiwa kukazwa baada ya kilomita 500 za barabara mbovu, kisha karatasi yenye namba za fyuzi itabandikwa ndani ya kifuniko.