Udongo katika Friza la Samaki

Desemba 2011 nilimwomba shangazi yangu nafasi ya makopo mawili katika friza lake la samaki, pale Kondele, Kisumu. Akauliza kuna nini ndani ya hayo makopo. Nikamwambia udongo.

"Udongo na ngege wangu, mwanangu?"

Alikubali alipoona nimeyafunga kwa nailoni tabaka mbili, tena kwa sharti: mfuniko usifunguliwe ovyo.

Nilikuwa nasoma fizikia. Likizo ya kabla ya hapo nilikuwa nimembebea nyaya mpimaji wa maji ya visima huko Rongai, Nakuru. Unapigilia vijiti vinne vya chuma kwa mstari. Vya nje vinapeleka mkondo ardhini, vya ndani vinasoma volti, na hapo unajua ardhi inazuia umeme kiasi gani, yaani ukinzani wake. Mmarekani Frank Wenner alieleza mpangilio huo yapata karne moja iliyopita, na uzuri wake ni kwamba kijiti kikishikana vibaya na udongo, kipimo hakivurugiki sana. Kisha nikasoma kwamba wenzetu wa nchi za baridi hutafuta barafu kwa vijiti vivyo hivyo. Kule Alaska kuna bomba la mafuta la kilomita 1,300 hivi, na zaidi ya nusu yake limeinuliwa juu ya nguzo, kwa sababu mafuta ya moto yangeyeyusha ardhi iliyoganda na bomba likazama. Nilitaka kujua umeme unaona nini ndani ya ardhi ya namna hiyo, na sikuwa tayari kungoja hadi nipate nauli ya Alaska.

Kopo moja nilitia mchanga wa ziwani, la pili udongo mweusi wa Kano, ule wa mashamba ya mpunga ya Ahero. Yote mawili niliyalowesha kwa maji ya bomba. Kila kopo lilikuwa na misumari minne isiyoshika kutu na kipimajoto kidogo cha waya. Fundi wa redio wa Kibuye aliniundia saketi ya betri ya kugeuza mkondo mara mia kwa sekunde, maana mkondo wa upande mmoja hurundika chaji kwenye misumari, na hapo namba zote huharibika. Nyaya zilipita chini ya mpira wa mfuniko hadi kwenye multimita yangu mezani.

Joto lilishuka hadi sifuri na halikutokea kitu. Likashuka zaidi, mchanga ukapita nyuzi 2 chini ya sifuri, na maji yake bado hayajaganda. Ghafla kipimajoto kikapanda, kikarudi karibu na sifuri na kukaa hapo. Barafu ilikuwa imeanza, na maji yanapoganda hutoa joto. Nilimwita shangazi kwa sauti kubwa mno, akaja mbio akidhani friza limekufa.

Baada ya hapo ukinzani wa mchanga ulipanda bila kusita, kwa kuwa barafu haipitishi umeme vizuri. Udongo wa Kano ulikwenda kwa namna nyingine kabisa. Uliganda, ndiyo, na nilipougusa baadaye ulikuwa mgumu kama tofali, lakini mkondo uliendelea kupita. Ukinzani wake ulipanda polepole, hatua kwa hatua, hata nyuzi 5 chini ya sifuri.

"Kama umeganda, umeme unapita wapi?" shangazi akauliza.

Nikamweleza. Udongo wa Kano ni wa mfinyanzi, chembe zake ni ndogo mno, na maji yaliyozigusa hushikwa kwa nguvu kiasi kwamba hayajipangi kuwa barafu upesi. Tena barafu haipokei chumvi. Huisukuma nje, na maji machache yanayobaki huzidi kukolea chumvi na kuzidi kukataa kuganda.

"Hilo nalijua," akasema. "Samaki wa chumvi huchelewa kuganda. Siku zote huwaweka chini kabisa."

Usiku huo stima ikapotea mtaa mzima. Shangazi aliwaza samaki wake, na mimi pia. Tulifunika friza kwa magunia na blanketi. Saketi ilikuwa ya betri, basi niliendelea kusoma namba kwa tochi huku joto likipanda taratibu. Udongo wa Kano ulipofika nyuzi 2 chini ya sifuri, nililinganisha na namba ya jioni ya joto lilo hilo. Ukinzani sasa ulikuwa juu zaidi. Udongo unaoyeyuka bado ulikuwa na barafu nyingi kuliko ulivyokuwa nayo ukiwa unaganda, ingawa kipimajoto kilisema mamoja. Kwa hiyo asiyejua ardhi imetoka wapi, kwenye baridi zaidi au kwenye joto, hawezi kukisia barafu yake kwa kusoma joto peke yake. Nilichora mistari miwili nyuma ya kitabu cha risiti cha shangazi, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi, nayo haikulaliana.

Aliitazama muda mrefu. "Na hao wa nchi za baridi, hupima wakati gani?"

"Mwaka mzima. Kuna mlima Uswisi, Schilthorn, vijiti vimeachwa humo tangu 1999."

"Basi na wewe acha makopo yako humo," akasema. "Stima ikirudi, upime tena."