Siku hizi naanza na upepo, mlima baadaye

Nilivyoanza paraglaidingi, yaani kuruka toka mlimani na bawa la kitambaa, nilikuwa nachagua mlima kwanza halafu hali ya hewa naiangalia nikishafika, nikapoteza wikendi nyingi sana hivyo. Kuna siku ya Julai nilitoka Eldoret alfajiri na mwalimu wangu, tukafika ukingo wa Elgeyo pale Iten, jua linawaka, anga safi kabisa, nikasema leo ni leo. Kumbe upepo unatoka magharibi, yaani unatupiga mgongoni, unapita juu ya ukingo halafu unaporomoka bondeni, na hewa ikiporomoka hivyo inajisokota, inaweza kukunja bawa ukiwa angani. Mwalimu akasema kunja vitu turudi nyumbani. Iliniuma lakini tukarudi.

Toka hapo swali langu la kwanza ni upepo unatoka wapi, la pili ni mteremko gani unatazamana nao. Ule ukingo wa Elgeyo unatazama mashariki, juu ni kama mita 2400 na chini kwenye Bonde la Kerio ni karibu 1200, sasa kuanzia Desemba hadi mapema Machi, wakati pwani ni kaskazi, huku kwetu upepo unakuja zaidi toka mashariki, unagonga ule ukuta na hauna pa kwenda ila juu. Ndo maana Januari na Februari Iten inajaa marubani wa Ulaya.

Kitu kilichonichukua muda kuelewa ni app ya hali ya hewa. Mimi natumia Windy na nilikuwa nasoma upepo wa mita 2000 toka usawa wa bahari nikidhani ndo wa juu, kumbe ukiwa Iten hiyo iko chini ya miguu yako! Soma wa mita 3000. Ukipita kilomita 25 kwa saa hapo, mimi siendi. Lakini pia usiwe sufuri, manake mwinuko ule hewa ni nyepesi na utakimbia sana kabla bawa halijakubeba, kwa hiyo ka-upepo ka mbele ka kilomita 10 hadi 15 nakapenda sana.

Halafu mawingu. Chukua joto la pale toa kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa mpaka hapo unyevu unaanza kuwa matone, zidisha kwa 125, unapata mita za kutoka ardhini hadi tumbo la wingu. Nyuzi 24 toa 8 ni 16, zidisha 125 ni mita 2000 juu yako, siku nzuri hiyo. Tofauti ikiwa 5 au 6 mawingu yatakuwa chini na unyevu ni mwingi, hapo nahofia mvua ya radi mchana, na upepo unaotangulia mvua hiyo haumsubiri mtu atue.

Nikifika bado nakaa nusu saa nzima naangalia tu. Tai wakizunguka bila kupiga mabawa hewa inapanda. Chamchela zikianza kuinua vumbi kule bondeni ujue joto limeshakuwa kali, kwa mgeni heri saa nne asubuhi au asubiri saa kumi jioni, ile ya saa sita hadi tisa ni ya waliozoea.

Kwa Julai sasa naangalia vilima vya Ngong karibu na Nairobi, manake wakati wa kusi upepo unatoka kusini mashariki na ule mgongo wa vilima una upande mzima unaotazama mashariki. Ila kule upepo ni mkali, ile mitambo ya umeme wa upepo haikuwekwa pale bure, so nasubiri siku ambayo app inasema chini ya 20, na mpaka sasa nimeipata mara mbili tu.