Siku moja maishani mwangu: mpima wa ghorofa kando ya mfereji wa Nakivubo

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Taksi kutoka Ndeeba inanishusha karibu na soko la Owino, na harufu ya mfereji inanipokea kabla sijauona. Mimi ni mpima. Nilitoka Bukoba nikiwa na levo, kifaa cha kupimia usawa, begani na mkataba mfupi, na hadi leo niko Kampala, kwenye saiti ya ghorofa 14 iliyokaa ukingoni mwa Nakivubo. Watu wakisikia ghorofa 14 huniuliza kama siogopi juu. Juu hakuna neno. Kinachotunyima usingizi kwenye saiti hii kiko chini ya ngazi.

Naanza na mzee wa pampu, mzee wa Kinubi kutoka Bombo anayelala kwenye kibanda cha mabati kando ya jenereta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Maji yamelala vizuri. Pampu zote nne zinavuta."

Hiyo ndiyo ripoti ninayoitaka kuliko nyingine zote. Bonde hili lilikuwa kinamasi. Mvua ikinyesha kwenye vilima vya Nakasero, Old Kampala na Mengo, maji yote hushuka huku, yakapita kwenye mfereji uliojengewa kuta za zege, yakaenda Bugolobi na kuishia ziwani, ghuba ya Murchison. Ukichimba mita mbili tu unakutana nayo. Sisi tumechimba saba, kwa sababu mwenye jengo anataka maegesho ya magari chini ya ardhi.

Saa kumi na mbili. Kabla magari hayajaanza kutetemesha barabara, napima majirani. Kwenye nguzo za maduka yanayotuzunguka tumepigilia misumari ya shaba, na kila asubuhi nasoma kimo cha kila msumari. Pampu zinapovuta maji ya shimo letu, zinavuta na yaliyo chini ya jirani. Udongo wa kinamasi ukinyang'anywa maji hujikunja, na duka lililokaa juu yake hushuka nao. Alama ya msingi ninayolinganisha nayo iko mbali, upande wa kilimani penye moramu ngumu, pampu zetu zisikofika. Ukilinganisha na alama iliyo karibu, inaweza kuwa nayo inashuka, nawe ukaandika kila siku kwamba mambo ni shwari.

Kijana anayenishikia stafu, ile rula ndefu ya kupimia, ni wa Bunia. Ananiita Yaya, kwao ni dada mkubwa, na Kiswahili chake kinanichekesha kama changu kinavyomchekesha.

"Yaya, hii nyumba inashuka?"

"Milimita moja tangu wiki iliyopita."

"Moja ni kidogo."

Ni kidogo, ndiyo. Tatizo ni nguzo ya kushoto kushuka moja na ya kulia kushuka nne. Jengo likishuka lote kwa pamoja halina shida kubwa; likishuka upande mmoja, ukuta unapasuka.

Saa mbili. Kikao cha asubuhi. Kofia ngumu, gambuti, mikanda ya usalama, nani anafanya kazi chini ya kreni. Foromani anasema Kiganda, anarudia kwa Kiswahili, kwa sababu hapa kuna Wakongo, Wakenya wa Busia, watu wa Arua na mimi. Anawakemea mafundi wa mbao kuhusu milingoti ya mikaratusi inayoshikilia fomu, yaani mbao za kumwagia zege: mlingoti uliopinda haushikilii zege, unasubiri kuliangusha. Namuunga mkono. Kampala nzima imejengwa juu ya milingoti hiyo, na iliyonyooka hufanya kazi nzuri tu, ila watu huwa wanachagua ya bei rahisi.

Saa tatu. Napanda hadi juu ya sakafu ya ghorofa ya nne kuchora mistari ya nguzo zitakazobeba ya tano. Mgeni angedhani napima kutoka kwenye nguzo za chini. Thubutu. Ghorofa ya kwanza ikikosea milimita tatu na ya pili nayo ikakosea tatu, ukizidi kufuata ya chini unafika juu na mnara ulioinama. Kwa hiyo kila ghorofa naipima upya kutoka kwenye alama za ardhini, kupitia matundu madogo tuliyoacha kwenye kila sakafu, moja juu ya jingine. Fundi mmoja mkongwe bado ananing'iniza timazi yake kuhakikisha mashine haidanganyi. Namwachia. Siku wakipishana, nitataka kujua kwa nini.

Kutoka hapa mfereji unaonekana vizuri. Kaloli, wale korongo wenye vipara, wamejipanga ukutani wakingoja takataka. Chupa za plastiki na kaveera, mifuko ya plastiki, zinaelea. Watu husema kaveera ndizo zinazoleta mafuriko, na kweli zinaziba madaraja. Lakini wajenzi tuna sehemu yetu tusiyopenda kuitaja: tope. Saiti inayosukuma maji machafu ya shimo moja kwa moja mferejini inajaza sakafu ya mfereji mchanga, na kina kinapungua. Sisi tuna matangi mawili ya kutuliza maji, tope likae chini kwanza. Sitaki kusifia sana, maana tulianza kuyatumia baada ya kubanwa. Bado, ukikumbuka kwamba maji haya yanafika ghuba ya Murchison, na mitambo ya Ggaba inavuta maji ya bomba ya mji kutoka ghuba hiyo hiyo, tangi la tope linaacha kuwa gharama ya ziada.

Saa nne na nusu, chai na kikomando. Chapati iliyokatwakatwa ndani ya maharage. Hakuna chakula kingine kinachokupandisha ngazi mara kumi kwa bei hiyo.

Saa sita. Magari ya zege yamechelewa kwenye foleni. La kwanza likifika, fundi wa maabara anajaza koni, anaivua, anapima zege limeshuka kiasi gani. Limekuwa majimaji kuliko tulivyoagiza. Dereva anaapa hakuongeza maji njiani. Injinia analirudisha, kelele zinapigwa, gari linaondoka. La pili ni zuri. Vipande vya majaribio vya sentimita 15 vinajazwa. Vitavunjwa siku ya 7 na siku ya 28 kupima nguvu ya zege.

Posho, yaani ugali, na maharage saa saba, nimekaa na mzee wa pampu. Anataka nimweleze tena kwa nini asizime hata pampu moja ilhali mafuta ya jenereta ni ghali. Namwambia achukue beseni tupu alizamishe ndani ya pipa la maji. Linamsukuma mkono juu. Maegesho yetu ndilo beseni, na pampu ndizo zinazoyashusha maji yanayolizunguka. Hesabu hufanywa kwa siku ya mafuriko, maji yakifika usawa wa barabara: mita 7 za maji ni msukumo wa tani 7 kwa kila mita ya mraba. Jamvi letu, bamba la zege la msingi chini ya jengo zima, lina unene wa mita moja, sawa na tani 2.5. Kila sakafu pamoja na mihimili na nguzo zake inaongeza kama tani 0.7, na tumeshamwaga sita ukihesabu na za chini. Jumla tani 6.7. Hatujafika.

"Kwa hiyo hizi ghorofa mnapandisha ili jengo lisiruke?" anauliza.

Mwenye jengo anapandisha ili apangishe. Lakini mzee amelipata jambo ambalo wageni wengi wenye tai hawalielewi: kwa sasa kila sakafu mpya ni uzito wa kulikandamiza jengo chini.

Saa nane. Mbingu upande wa ziwa imekuwa nyeusi. Opereta wa kreni anashuka, na kabla ya kushuka anafungua breki ya mzunguko. Vibarua wapya hushtuka kuona mkono mrefu ule ukizunguka wenyewe kwa upepo. Inatakiwa iwe hivyo: mkono ukifungwa, upepo unausukuma ubavuni na kutafuta kuuangusha mnara, ukiachwa huru unajigeuzia upande ambao upepo hauna pa kuushika.

Mvua inapiga kwa nguvu. Ndani ya nusu saa mfereji umejaa, umekuwa wa kahawia, umebeba magogo, masufuria, godoro. Maji yanapita juu ya mdomo wa bomba letu la kutolea. Mlango wa bawaba unajifunga, kama ulivyoundwa, maji ya mfereji yasirudi kwetu. Ila sasa na ya kwetu hayana pa kwenda. Matangi yanajaa. Umeme unakatika. Jenereta inawaka, inakohoa, inashika.

Injinia anampigia mzee kelele kupitia redio ya mkononi: "Fungua matundu!"

Kwenye jamvi tuliacha matundu yenye vifuniko, ya kupunguza msukumo. Mzee na vijana wawili wanashuka na tochi, wanavifungua, na maji yanapanda kupitia sakafu tuliyoijenga kwa jasho kuzuia maji. Mwakilishi wa mwenye jengo anaona maegesho yanafurika, anashika kichwa. Anataka kujua nani ametoa amri hiyo, anatishia kumpigia bosi wake, anapiga kweli. Injinia anamweleza kwa utulivu ambao mimi sina: kila sentimita ya maji yaliyo ndani inakandamiza chini kama sentimita moja ya maji ya nje inavyosukuma juu. Maji ya magotini tutayavuta kesho. Jamvi lililopasuka hulivuti.

Saa kumi. Mvua imekwisha ghafla kama ilivyoanza. Nakimbilia alama nilizoweka kwenye jamvi. Nasoma, narudia, namwita kijana wa Bunia asome naye bila kumwambia namba yangu. Tumepishana nusu milimita, na hiyo ni mikono yetu. Jamvi halijanyanyuka. Mfereji ukishuka chini ya mdomo wa bomba, pampu zinaanza tena.

Saa kumi na moja na nusu. Nahamisha namba kwenye kompyuta, nachora mistari ya misumari ya majirani. Injinia anasimama nyuma yangu akila karanga. Sakafu ya ghorofa ya tano itamwagwa Jumamosi, na ya sita ikifuata tutakuwa na tani 8.1, hapo ndipo atakaponiruhusu kujaribu pampu tatu badala ya nne. Mzee amefurahi kusikia. Mimi nafurahi nusu, kwa sababu pampu zikipungua maji ya majirani yatapanda tena, na udongo uliojikunja hauhakikishi kurudi ulipokuwa.

Simu inaita. Ni mwenye duka la vitambaa upande wa kulia, ambaye ukuta wake una ufa tuliobandika kipande cha kioo juu yake. Ufa ukipanuka hata kidogo, kioo kinakatika.

"Nyabo, mvua yote hii, kioo changu kikoje?"

"Kizima. Nimekiangalia saa kumi."

"Umekiangalia wewe. Mimi nataka kuona na namba."

"Njoo kesho saa kumi na mbili, kabla sijapanda juu. Nitakupa stafu uishike mwenyewe."

"Na kofia?"

"Na kofia."