Sweta la Baba Watoto Lililoishia Kufunika Maharage

Walioko Kigoma mjini, kule chini ziwani, hawatuelewi sisi wa Manyovu. Wakiona sweta la sufu wanacheka. Waje mwezi wa saba walale huku juu usiku mmoja: mchana jua linakuchoma mpaka unatafuta kivuli, likishazama tu khanga mbili hazitoshi na mtoto anaamka pua zinachuruzika.

Nyumbani tuko sita. Wote nimewavalisha sufu halisi, siyo ule uzi wa kung'aa unaotoa cheche ukiuvua gizani, na gharama yote haikufika bei ya mbuzi mdogo. Mashauri niliyopewa, nusu yake yalikuwa ya kuniharibia nguo na nusu nyingine ya kuniharibia jiko.

Nilinunua mitumba soko la Mwanga, Kigoma mjini. Fika belo linapofunguliwa. Sweta zuri wakati huo ni kama elfu tano mpaka elfu nane. Saa nane mchana utalipata kwa elfu tatu, ila hapo umebaki na yale yaliyokataliwa na wenzako. Usisikilize neno "sufu" la muuzaji, kwake kila chenye manyoya ni sufu. Geuza ndani usome kile kitambaa kidogo cha pembeni. Nguo nyingi hazikuandikwa Kiingereza, kwa hiyo jua majina: Wolle ni Kijerumani, laine Kifaransa, lana Kiitaliano, ull kule Norway na Sweden. Ikiwa themanini kwa mia au zaidi, chukua. Kitambaa kikiwa kimekatwa, omba uzi mmoja wa kwenye mshono wa ndani uuchome kwa kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto unajizima wenyewe, na majivu yake unayasaga kwa vidole. Akriliki, ule uzi wa kung'aa, inayeyuka, inadondosha matone na kuacha punje ngumu kama shanga. Muuzaji akikukatalia uzi mmoja, umeshapata jibu.

Sasa sweta la Baba Watoto. La bluu, zito, shingo ndefu, halina hata tundu. Jirani akalishika, akatikisa kichwa: "Dada, mtumba usipouchemsha unawaletea watoto chawa." Nikamsikia. Nikaweka sufuria kubwa jikoni, maji yakatokota, nikamega sabuni ya mche nusu, nikalitumbukiza. Nikalikoroga kwa mwiko wa ugali kama nusu saa. Halafu, ili uchafu utoke sawasawa, nikalipeleka kwenye jiwe nikalifikicha kwa mikono miwili, na kulisuuza kwa maji ya baridi ya mtungini. Nilipolikamua nikaona limekuwa dogo, nikajidanganya kwamba litanyooka likikauka. Kifua kilichokuwa sentimita 56 kilibaki 38. Mikono ilimfika Baba Watoto kwenye kiwiko, na lilikuwa gumu unaweza kulisimamisha mezani lenyewe. Aliyeweza kulivaa ni mtoto wetu wa darasa la kwanza, naye akasema linamkaba.

Kosa halikuwa moja, yalikuwa manne pamoja. Unywele wa sufu una magamba madogo yanayolala upande mmoja, kama ya samaki. Maji ya moto na sabuni kali ya magadi vinayainua. Ukifikicha, nyuzi zinasogea na magamba yananasana. Ukilitupa ghafla kwenye maji ya baridi unazidi kulifunga. Likishanasa halirudi, hata ulivute na ng'ombe. Na chawa wa nguo hakuhitaji sufuria: hawezi kuishi zaidi ya wiki moja hivi bila damu ya mtu. Funga sweta kwenye mfuko wiki mbili, ule wasiwasi umekwisha.

Siku hizi sweta moja nalifua kwa lita tano za maji ya uvuguvugu, yale ambayo ukichovya kiwiko huhisi moto wala baridi. Kijiko kimoja cha mezani cha shampuu ya nywele, kwa sababu sufu ni nywele. Sabuni ya unga hapana. Nyingi zina vimeng'enya vya kula madoa ya protini, na sufu yenyewe ni protini. Dakika kumi, unaliminya kama unga wa chapati, hufikichi. Suuza mara mbili kwa maji ya joto lilelile, ya mwisho tia vijiko viwili vya siki. Usilinyanyue kwa mabega likiwa limelowa, utalirefusha. Liviringishe ndani ya taulo kavu, mtoto akanyage juu, kisha litandaze kwenye mkeka kivulini. Kiangazi chetu kinalikausha kwa siku moja na nusu.

Lile la bluu sikulitupa. Kitu kizito namna ile, kisichopitisha upepo, kina kazi. Nililipasua ubavuni, nikashona kofia ya sufuria ya lita tano, tabaka mbili, na mgongo wake nikaukata duara la kukalia sufuria. Chukua kikapu kipana, jaza nyasi kavu chini na pembeni, weka lile duara, sufuria, kofia, na mto juu.

Maharage kilo moja naloweka usiku, asubuhi namwaga maji yale na kutia mapya. Nachemsha kwa moto mkali dakika ishirini, nikihesabu tangu yanapotokota kweli, siyo yanapoanza kutoa moshi. Kifuniko hakifunguliwi tena. Sufuria inakwenda kikapuni ikiwa bado inanguruma, inakaa saa nne mpaka tano, mimi niko shambani. Nikirudi nachemsha tena dakika kumi na tano pamoja na kitunguu, mawese na chumvi. Mkaa uliokuwa unaishia chungu kimoja sasa unapika viwili.

Ile dakika ishirini ya mwanzo usiipunje. Maharage mabichi yana sumu inayovunjwa na mchemko tu. Yakikaa kwenye vuguvugu bila kuchemka, watu sita watatapika usiku mmoja. Sufuria ijae angalau robo tatu, ikiwa nusu inapoa mapema. Na maharage ya msimu wa juzi hayaivi hata uyavishe koti. Nunua mapya, huku kwetu hayana uhaba.

Hapo ndipo wifi yangu alipoingia na hoja za chakula. "Wifi, watoto wa baridi hawakui kwa maharage. Wape nyama ya mafuta kila jioni." Baba Watoto naye ana imani yake ya glasi moja ya pombe ili damu ichemke. Nilimjibu kwa heshima kwamba pombe inapanua mishipa ya ngozini. Unajisikia moto kwa kuwa joto la ndani linatoka nje, na baadaye mwili wako umepoa kuliko wa asiyekunywa. Hakukubali, ila glasi imepungua.

Kuhusu mafuta, mwili unawaka kwa chakula chochote chenye nguvu. Ugali wa muhogo unatosha kuwasha. Shida ya muhogo ni protini, ina kidogo sana, ndiyo maana hauendi mezani peke yake: maharage, au dagaa, au mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, tukiupata mbichi kutoka Kibirizi, kule mwaloni wanakoshusha samaki. Asubuhi ni uji wa ulezi, lita moja ya maji kwa vijiko nane vya unga, na karanga zilizosagwa vijiko viwili zinatiwa mwishoni ukishaepua, zisije zikaganda chini. Mtoto aliyekunywa uji huo anavua sweta mwenyewe akiwa njiani kwenda shule. Wifi alisoma mahali kuhusu Gustav Jaeger, yule Mjerumani wa Stuttgart wa karne ya 19 aliyehubiri kwamba binadamu avae sufu ya mnyama tupu, mpaka shuka, na pamba aiache. London lilifunguliwa duka kwa jina lake mwaka 1884. Basi akataka watoto wavae sweta bila fulana ndani. Siku mbili wakajikuna shingo mpaka zikawa nyekundu. Sufu nene inachoma ngozi, ncha zake hazipindi; fulana ya pamba ndani, sufu juu, ugomvi umeisha.

Chakula na sufu vinagombana kwenye mikono ya sweta, na hili sikuambiwa na mtu. Nondo wa nguo ni kale kadogo ka rangi ya dhahabu, kanakwepa mwanga, na kenyewe hakali. Wanaokula ni viwavi vyake, tena vinapenda sufu yenye jasho na madoa ya chakula kuliko iliyo safi. Matundu yetu yote yalikuwa kifuani na kwenye vifundo vya mikono, palepale mchuzi wa mawese unapodondokea. Tangu hapo sweta linavuliwa mgebuka ukiletwa mezani, atetemeke dakika kumi, hafi. Doa likishaingia, unga wa muhogo mkavu unaukandamiza juu yake mara moja, unavuta mafuta, unaupangusa, ndipo unafua.

Zile punje nyeupe za dukani za kuweka sandukuni nimezikataa. Nyingi ni naftalini. Mtoto anaweza kuzidhani pipi, na mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli za damu, jambo la kawaida kwenye nchi za malaria kama yetu, seli zake zinaweza kupasuka hata kwa kuvuta harufu yake puani.

Dawa yangu ni friji la samaki. Mjini tuna ndugu anayegandisha samaki kwa biashara. Agosti inapoisha nafua masweta yote, nayakausha kabisa, kila moja kwenye mfuko wa plastiki, nautoa upepo na kuufunga, kisha mfuko wa pili juu yake. Mmoja hautoshi, mara ya kwanza Krismasi tulinuka Kibirizi. Baridi iwe nyuzi 18 chini ya sifuri, tena mfululizo, ndipo mayai na viwavi vinakufa. Mimi naacha wiki nzima, na umeme ukikatika saa nyingi naanza kuhesabu upya. Ukiitoa, mifuko usiifungue mpaka ifikie joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa unatua kama umande kwenye nyuzi na sweta linaingia sandukuni likiwa na maji. Ndugu yangu ananitoza kilo mbili za maharage kwa mwaka, na mwaka huu ameulizia ile kofia ya sufuria. Nimemwambia alete sweta lake, nimchemshie.